Nani Humwangalia Askari?

Wasomaji wetu, katika milima ya Umatengo na katika vijiji vya ufukoni mwa Ziwa Nyasa, toka Liuli hata Mbamba Bay, watu huulizana: Mwizi hukamatwa na polisi, je, polisi akikosa, hukamatwa na nani? Swali hili si la leo. Twataka kulifuata toka zamani, tuone lilivyojibiwa.

Zamani za Wadachi nchi yetu ilikuwa chini ya boma la Songea, lililowekwa mwaka 1897. Bwana wa boma ndiye aliyetoza kodi, ndiye aliyetuma askari, na ndiye aliyeketi kuamua mashauri. Askari akimpiga mtu bure au akitwaa mbuzi wake, mwenye mbuzi alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha, nao ni mlango wa bwana yule yule aliyemtuma askari. Si kwamba amri hazikuwako. Mwaka 1896 serikali ya Berlin iliagiza kwamba viboko visizidi 25 kwa mara moja. Ndiyo hamsa ishirini ambayo wazee walitusimulia. Lakini aliyeamuru mtu apigwe ndiye aliyetakiwa kuiangalia hesabu. Hata tarehe 27 Februari 1906, wakubwa wa Wangoni waliponyongwa huko Songea kwa ajili ya Vita vya Maji Maji, waliowahukumu ni wale wale waliopigana nao. Wahenga walisema kwamba kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere, nao walijua sababu.

Waingereza waliunda Polisi ya Tanganyika mwaka 1919. Askari walipata mavazi mengine na sheria nyingine, lakini wilayani bwana shauri aliendelea kuwa mtawala na hakimu pamoja. Mlango ulibaki mmoja.

Mlango wa pili ulifunguliwa baada ya Uhuru. Mwaka 1966 Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ilianza kazi chini ya Chifu Erasto Mangenya, nayo ilikuwa ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika. Wajumbe wake walisafiri wilayani kuwasikiliza wanyonge walioonewa na wenye madaraka. Haikuwa na uwezo wa kuadhibu. Ilimpelekea Rais habari, naye akaamua.

Miaka kumi baadaye likatokea jambo zito. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu waliokamatwa kwa ajili ya mauaji ya wale walioitwa wachawi waliteswa na askari, na wengine wakafa mikononi mwao. Habari zilipojulikana, Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwezi wa Januari 1977, pamoja na wakubwa wengine. Mwinyi hakumpiga mtu, wala hakuwako chumbani mlimofanywa maovu. Lakini alikubali kwamba mwenye kuongoza hujibu kwa ajili ya anaowaongoza. Baadhi ya maofisa wenyewe walipelekwa mahakamani wakapatikana na hatia.

Mwaka 2001 Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilishika nafasi ya ile ya kwanza. Hii yaweza kuchunguza, kushauri, hata kufungua shauri mahakamani. Hata hivyo maovu hayakukoma. Mwezi wa Februari 2012, hapo Songea, watu walioandamana kulalamikia mauaji mjini walipigwa risasi na polisi, na wengine wakafa. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa katika kijiji cha Nyololo, mkoani Iringa, akiwa amezungukwa na polisi. Wenzake walikuwako, na picha za tukio lile zilionekana nchini kote. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15.

Basi, historia hii yatufundisha nini? Kwanza, asiwepo mtu wa kujihukumu mwenyewe. Pili, mlango ukiwa wazi haufai kitu asipokuwako wa kubisha. Anayeonewa na ashike siku, saa, mahali na majina ya walioona, ayaandike mapema kabla hayajasahauliwa; na asiyejua kuandika amwendee mwalimu. Wala asiongeze neno la uongo, kwa maana uongo mmoja huuharibu ushahidi wote.

Wala tusiwachukie askari. Pasipo wao mwenye nguvu angemla mnyonge. Walipomwendea Yohane Mbatizaji, yeye hakuwaambia waache kazi yao, bali aliwakataza kuwaonea watu na kutaka zaidi ya ujira wao. Kumkumbusha askari mpaka huo si kumdharau. Ni kumsaidia aiheshimu kazi yake.