Dhamira si Mada

Muulize mwanafunzi wa sekondari dhamira ya Adili na Nduguze, kisa cha Shaaban Robert kilichochapishwa mwaka 1952, na huenda akakujibu kwa neno moja: ujasiri. Mwenzake ataongeza: uwajibikaji. Hawajakosea, ila hawajafika. Ujasiri ni mada, jambo linalozungumzwa. Dhamira ni kile ambacho kazi inasema juu ya jambo hilo, nayo haitamkiki kwa neno moja. Inataka sentensi nzima, tena sentensi ambayo msomaji mwingine anaweza kuikataa.

Tumchukue Adili mwenyewe. Safarini anamwokoa nyoka aliyekuwa karibu kuangamizwa na adui yake, kumbe nyoka yule ni Huria, jini. Anaingia Mji wa Mawe, ambao wakazi wake wamegeuka mawe, na humo anamkuta Mwelekevu, binti aliyesalimika. Baadaye ndugu zake, Hasidi na Mwivu, wanamtosa baharini kwa husuda. Huria anamwokoa, anawageuza wale wawili manyani, kisha anamwachia Adili amri: awachape kila usiku, la sivyo ataadhibiwa yeye.

Wasomaji wengi hukumbuka nyoka na mawe. Mimi naona uzito wa kitabu umo katika chumba cha manyani. Adili sasa ni mtawala wa Janibu, mtu wa kuheshimika. Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai aliyefuata kodi, anamchungulia usiku na kumwona akiwachapa manyani wawili, kisha akiwalisha kwa huruma. Ujasiri hapa hauna kazi: anayechapwa amefungwa, hawezi kurudisha pigo. Na kutii amri kwa kuogopa adhabu sidhani kama ndiko kuwajibika. Kiboko ni cha Huria. Chakula ni cha Adili. Kwa hiyo dhamira ningeiandika hivi: ujasiri humtosha mtu kwa saa ya hatari, lakini wajibu kwa ndugu hubaki hata baada ya ndugu kuuvunja udugu. Anayeamini kwamba kitabu kinahubiri utii tu ana ushahidi wake pia, na hapo ndipo mjadala wa fasihi unapoanza.

Tatizo ni kwamba istilahi yenyewe haina makao mamoja. Katika madarasa ya Tanzania, kazi ya fasihi hugawanywa katika fani na maudhui, na dhamira huwekwa ndani ya maudhui pamoja na ujumbe, migogoro, msimamo na falsafa. Kenya, mara nyingi maudhui ndiyo hayo mawazo makuu yanayojitokeza, na dhamira ni lengo la mwandishi, kile alichonuia. Mwalimu anayevuka mpaka wa Namanga na mtihani wake mkononi anaweza kuwafelisha watoto werevu kabisa.

Asili ya maneno inawapa Wakenya nguvu kidogo. Kwa Kiarabu, maudhui ni kilichowekwa mbele ya watu, mada hasa. Dhamira inatokana na kilichofichwa ndani ya nafsi, ndiyo maana ni jamaa ya dhamiri, na ndiyo maana anayekusudia jambo kwa dhati husemwa amedhamiria. Hata hivyo naegemea matumizi ya Tanzania. Nia ya mwandishi ni vigumu kuithibitisha, na kwa kitabu hiki ugumu unazidi, kwani kisa chenyewe kina mzizi katika Alfu Lela u Lela, katika hadithi ya Abdullah bin Fadhil na nduguze. Ndugu waliogeuzwa wanyama, huko wakiwa mbwa, na viboko vyao walikuwapo kabla ya Shaaban Robert kushika kalamu. Tukitafuta nia, tutauliza ya nani?

Majina ya ndugu, angalau, ni ya Shaaban Robert. Abdullah akawa Adili, na wale wawili wakaitwa Hasidi na Mwivu, hivyo msomaji anajua kabla ya safari kuanza nani atamtosa nani. Taharuki ya msuko inakufa mapema. Linalobaki la kusubiriwa ni jinsi Adili atakavyowatendea baada ya kutoswa.