Daktari Wertham na Vitabu vya Katuni

Tarehe 26 Oktoba 1948, katika mji mdogo wa Spencer, West Virginia, wanafunzi walirundika nyuma ya shule yao vitabu vya katuni zaidi ya 2,000, wakavitia moto. Mimi ni mkutubi wa shule ya msingi, na habari za kuchoma vitabu huniumiza. Hata hivyo naelewa kilichowasukuma watu wale. Vitabu hivyo viliuzwa senti 10 tu, makumi ya mamilioni ya nakala kila mwezi, na katika baadhi yake watu walichinjwa, walinyongwa na kuzikwa hai. Mtoto alijinunulia mwenyewe kwa senti zake, mzazi asijue.

Sauti iliyosikika kuliko zote ilikuwa ya Fredric Wertham, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Ujerumani. Wengi leo humtaja kama mzee mkorofi aliyechukia furaha ya watoto. Huko ni kumwonea. Mwaka 1946 alifungua kliniki Harlem, New York, chini ya kanisa, akawatibu watu weusi maskini kwa malipo ya senti 25, wakati ambapo milango mingi ya hospitali ilikuwa imefungwa kwao. Ushahidi wake kuhusu madhara ya kuwatenga watoto weusi shuleni ulitumika Delaware, katika mojawapo ya kesi zilizoifikisha Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye uamuzi wa 1954 dhidi ya ubaguzi shuleni. Na alipovisoma vitabu vya katuni aliona jambo ambalo wenzake hawakuliona: katika hadithi za msituni, mtu mweusi alichorwa kama mnyama, na mzungu mwenye nywele za dhahabu ndiye bwana wa kila kitu. Kama mkutubi wa Kiafrika, kwa hilo namshukuru.

Kitabu chake, Seduction of the Innocent, kilitoka mwaka huohuo wa 1954. Humo alidai kwamba katuni za uhalifu zinachangia kuwapotosha watoto. Mwezi Aprili kamati ndogo ya Seneti ilikaa New York kusikiliza. Wertham alitoa ushahidi, kisha akafuata William Gaines, mchapishaji wa katuni za kutisha. Seneta Estes Kefauver alimwonyesha jalada la kitabu chake kimoja: mwanamume ameshika shoka kwa mkono mmoja na kichwa cha mwanamke kilichokatwa kwa mkono wa pili. Je, hilo ni jambo la staha? Gaines alijibu kuwa ndiyo, kwa jalada la katuni ya kutisha. Lingekosa staha kama kichwa kingeinuliwa juu zaidi, damu ionekane ikichuruzika shingoni. Jibu hilo lilimwangamiza. Tangu siku hiyo hakuna aliyetaka kujua ndani ya vitabu vyake mlikuwa na nini kingine.

Wertham alitaka sheria ya kuzuia katuni za uhalifu zisiuzwe kwa watoto wa chini ya miaka 15. Wachapishaji waliikwepa sheria kwa kujiundia chombo chao cha ukaguzi. Oktoba 1954 walipitisha kanuni: neno "kutisha" lisitokee kwenye jina la kitabu, polisi na mahakimu wasivunjiwe heshima, wema ushinde sikuzote. Aliyewekwa kusimamia ni hakimu Charles Murphy. Kitabu kisicho na muhuri wake, wasambazaji wengi walikikataa.

Hapa ndipo penye funzo kubwa kwangu. Gaines aliomba kuchapa upya hadithi yake ya 1953 iitwayo "Judgment Day". Mjumbe kutoka Duniani anakagua sayari ya roboti, anakuta roboti za rangi ya chungwa zinazibagua za buluu, anakataa kuipokea sayari hiyo. Katika picha ya mwisho anavua kofia yake ya anga: ni mtu mweusi. Murphy alitaka asiwe mweusi. Gaines aligoma, akatishia kulitoa jambo hadharani, na hadithi ikachapwa ilivyo mwaka 1956. Baada ya hapo aliachana na vitabu vya katuni, akabaki na jarida la Mad. Basi chombo kilichozaliwa na malalamiko ya Wertham, yule aliyewatetea watoto weusi, kiliuona uso mweusi wenye hadhi kuwa ndio wa kufutwa. Mkaguzi huja kazini na macho yake mwenyewe.

Na ushahidi wa Wertham? Nyaraka zake zilifunguliwa kwa watafiti mwaka 2010. Carol Tilley, msomi wa ukutubi, alizilinganisha na kitabu, na mwaka 2012 akachapisha alichokiona: maneno ya watoto yamebadilishwa, watoto kadhaa wameunganishwa kuwa mmoja, na matatizo mengine yaliyomo kwenye mafaili, kama kujiunga na magenge, yamenyamaziwa ili lawama yote iangukie katuni. Ni kosa zito. Aliyekuwa na hoja ya kweli juu ya ubaguzi hakuwa na haja ya kughushi kauli za watoto.

Hata Afrika tumeyaona ya aina hii: Juni 2017 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ilipiga marufuku katuni sita za televisheni, zikiwemo Hey Arnold na The Legend of Korra, kwa kudai zinahamasisha ushoga. Mjadala ulifika hadi chumba chetu cha walimu, na wengi waliopaza sauti, wa pande zote mbili, hawakuwa wametazama hata kipindi kimoja.

Ninaowaomba ni wazazi na wakaguzi. Kukilinda kizazi ni haki yenu, wala sitaki mtu awadharau kwa hilo. Lakini tazameni kazi nzima kabla ya kuihukumu, andikeni ni kipande gani kina madhara na kwa nini, kisha wekeni maandishi hayo mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuyasoma na kuyapinga. Iliichukua Marekani miaka 58 tangu Wertham atoe kitabu chake hadi ushahidi wake ukahakikiwa.