Pikipiki ya umeme: maswali ya kujiuliza mbele ya kuuza ile ya esansi

Mwenye kuvuka mpaka mpaka kufika Kigali anaona pikipiki zinapita bila kelele na bila moshi. Akirudi Goma ao Bukavu anajiuliza: na sisi je? Kwa motari ambaye jamaa yake inakula kwa pikipiki, na pengine aliinunua kwa deni, hii si swali ya kujionesha. Ni swali ya sahani ya jioni.

Inatembea namna gani?

Haina karburateri, haiombi kubadilisha mafuta ya motere. Iko na motere ya umeme na betri. Betri inajazwa kwa njia mbili. Ya kwanza, unaichaji nyumbani kwa masaa kadhaa. Ya pili, unafika kwenye kituo, unaacha betri iliyoisha, unachukua ingine iliyojaa, dakika chache tu. Kwa motari njia ya pili ndiyo inafaa, maana pikipiki iliyosimama haileti pesa.

Hesabu yake unaweza kuifanya wewe mwenyewe. Kwa kilomita 100, pikipiki ya esansi inakunywa karibu litre 2 ao zaidi kidogo. Ile ya umeme inakula karibu kilowati-saa 3 ao 4. Chukua bei ya esansi na bei ya umeme kwenu, linganisha. Lakini ujue: vilima kama vya Bukavu, abiria wawili na mzigo vinamaliza betri haraka.

Rwanda walifanya nini?

Hawakuanza na kukataza. Mwaka 2021 serikali iliondoa kodi nyingi kwa vyombo vya umeme na ikapunguza bei ya umeme kwenye vituo vya kuchaji. Makampuni yakajenga vituo vya kubadilisha betri. Kiisha, tangu Januari 2025, Kigali haiandikishe tena pikipiki mpya za esansi kwa kubeba abiria. Zile za zamani zinaendelea kutembea.

Na Kongo?

Inchi yetu ndiyo ya kwanza duniani kwa kutoa kobalti, na mwezi wa ine 2022 ilitia sahihi mapatano na Zambia juu ya kutengeneza betri huku kwetu. Ni jambo nzuri. Lakini kuwa na kobalti haishushe bei ya pikipiki huku. Kobalti inatoka Lualaba na Haut-Katanga, sehemu kubwa inasafishwa Uchina. Tena betri nyingi za pikipiki siku hizi ni za chuma na fosfati, hazina kobalti hata kidogo.

Shida yetu ya kwanza ni umeme. Sheria ya mwezi wa sita 2014 ilifungulia watu binafsi mlango wa kutoa na kuuza umeme, na ndiyo njia kituo cha Matebe, Rutshuru, kilifikisha umeme Goma. Bukavu inategemea mabwawa ya Ruzizi. Maji yakipunguka ao takataka za plastiki zikiziba mitambo, mitaa inaingia gizani. Siku hiyo motari wa umeme hana bidoni ya kukimbilia kando ya barabara.

Mbele ya kununua, uliza:

– Kituo cha kubadilisha betri kiko wapi, na kikikosa umeme, kiko na solari ao groupe?
– Betri ni yako ao ni ya kukodisha? Ikichoka, nani analipa?
– Fundi wa kuitengeneza na vipuri viko huku, ao mpaka kuvuka mpaka?
– Kwa siku unafanya kilomita ngapi?

Kama majibu yote hayaonekane, usiuze ile ya esansi. Na kwa viongozi, somo la jirani ni wazi: umeme na vituo kwanza, katazo nyuma. Wakigeuza, deni litabakia kwa motari.