Leseni za Huduma za Malipo katika Umoja wa Ulaya

Leseni za huduma za malipo ni vibali ambavyo mamlaka za nchi wanachama wa Umoja wa Ulaya huzipa kampuni zisizo benki, lakini zinazopitisha fedha za watu au kuzifikia akaunti zao kwa ridhaa yao. Msingi wake ni Agizo la Pili la Huduma za Malipo, lililopitishwa tarehe 25 Novemba 2015 kuchukua nafasi ya lile la 2007, na ambalo nchi wanachama zilitakiwa kuliingiza katika sheria zao ifikapo 13 Januari 2018.

Kabla ya hapo, baadhi ya kampuni zilimwomba mteja nywila yake, zikaingia katika tovuti ya benki kana kwamba ni yeye, na benki ikawa haina namna ya kumtofautisha mwenye akaunti na wakala wake. Agizo halikuzipiga marufuku kampuni hizo, bali liliziweka chini ya usimamizi na kuzigawa katika makundi mawili: waanzisha malipo, ambao huituma benki ilipe kwa niaba ya mteja, na watoa taarifa za akaunti, ambao husoma tu salio na miamala. Benki hairuhusiwi kumfungia mlango mtoa huduma halali wala kumshurutisha aingie nayo mkataba kwanza; huo ndio uti wa mgongo wa huduma huria za kibenki.

Mtaji wa kuanzia ni euro 50,000 kwa mwanzisha malipo na euro 125,000 kwa huduma nyingine nyingi, ilhali mtoa taarifa husajiliwa tu bila mtaji huo, mradi awe na bima ya kufidia hasara atakayosababisha. Wasafirisha fedha, wanaotegemewa na wahamiaji wengi kutuma matumizi nyumbani, hudaiwa euro 20,000 pekee, kiwango kinachoshangaza kwa kuwa wao huzishika fedha zenyewe na mwanzisha malipo hazigusi kabisa. Kinga halisi ya mteja wao, kwa hiyo, si mtaji bali ni sharti la kutochanganya fedha zake na za kampuni.

Tangu 14 Septemba 2019, malipo ya mtandaoni huhitaji uthibitisho wa aina mbili kati ya tatu, yaani kitu anachokijua mteja, anachokimiliki, au alama ya mwili wake, na msimbo unaotolewa hufungamana na kiasi na mpokeaji, hivi kwamba kimoja kikibadilishwa unabatilika. Fedha zikichotwa bila idhini, benki hurejesha kabla ya siku ya kazi inayofuata kwisha, hata kama kosa ni la mwanzisha malipo, kisha humdai yeye.

Leseni ya nchi moja hutumika katika Umoja mzima baada ya taarifa kutolewa kwa mamlaka. Haki hiyo ilikoma kwa kampuni zenye leseni ya Uingereza tarehe 31 Desemba 2020, na zilizotaka kubaki katika soko hilo zikalazimika kuomba leseni upya katika nchi mwanachama.