Barua kwa Mwenzi wa Chumbani

Shule ya ufundi ilipofunguliwa juu ya kilima cha Makerere mwaka 1922, wanafunzi wake walikuwa vijana 14 tu, nao walifundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Baadaye shule hiyo ilikua ikawa chuo, kikapokea vijana kutoka Kenya, Tanganyika na Unguja pamoja na wenyeji wa Uganda. Mlango wa kuingilia ulikuwa mtihani. Aliyefaulu aliitwa, aliyeshindwa alibaki kwao, na hapakuwa na desturi ya kumtaka mwombaji aeleze yeye ni mtu wa namna gani mbele ya mwenzake.

Kujuana kulifanyika bwenini. Julius Nyerere, mwana wa chifu wa Wazanaki, alifika Makerere mwaka 1943 baada ya kusoma Tabora, na mwaka huo huo akabatizwa Mkatoliki. Chuoni alikutana na Hamza Mwapachu, Mwislamu wa Tanga aliyesomea utabibu. Wao pamoja na Andrew Tibandebage wakaanzisha chama cha ustawi cha wanafunzi wa Tanganyika, na urafiki wa Nyerere na Mwapachu ukadumu hata walipokuwa watu wazima wenye kazi zao. Wanawake wa kwanza, sita kwa idadi, waliingia mwaka 1945. Mwaka huo huo Katikiro wa Buganda, Martin Luther Nsibirwa, alipigwa risasi akafa huko Namirembe, muda mfupi baada ya kupitisha sheria iliyowezesha ardhi kuchukuliwa ili chuo kipanuke. Bweni la Northcote, ambalo Ngugi wa Thiong'o alikaa alipokuwa mwanafunzi tangu mwaka 1959, leo linaitwa kwa jina la Nsibirwa. Twayataja haya ili ifahamike kwamba vyumba vile havikuwa mahali pa kulala tu. Humo Mzanaki alijifunza adabu ya Mtanga, na Mkikuyu akasikia Kiganda kikisemwa hadi usiku wa manane.

Siku hizi wengi wa wanafunzi wa Makerere hawakai katika mabweni ya chuo, bali katika nyumba za kupanga za Kikoni na Wandegeya, na mwenzi wa chumbani aghalabu hupatikana kwa kugawana kodi. Lakini kwa vijana wachache wa Kampala wanaoomba nafasi katika vyuo vya Marekani, jambo lililokuwa likianza baada ya kufika limeletwa mbele. Chuo Kikuu cha Stanford, mathalan, humtaka mwombaji aandike barua fupi, kati ya maneno 100 na 250, kwa mwenzi wa chumbani ambaye bado hamjui, ili mwenzi huyo, na chuo chenyewe, wapate kumfahamu.

Barua hiyo huandikwa kwa Kiingereza, lakini taabu yake twaijua sisi walimu wa lugha. Mwanafunzi wetu amefundishwa barua ya kuomba. Anwani mbili, kichwa cha habari kilichopigiwa mstari, “Mimi niliyetajwa hapo juu”, na mwisho wake “Wako mtiifu”. Hii ni sura tuliyoachiwa na ofisi za serikali ya kikoloni, na ina manufaa yake. Karani hawezi kufanya kazi bila hiyo. Ila barua ya namna hiyo hupanda tu, kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Haijui kusema na wa rika moja. Kwa hiyo kijana akiambiwa amwandikie mwenzake, humwandikia kana kwamba mwenzake ni mkuu wa wilaya.

Wala si kweli kwamba utamaduni wetu haukuwa na barua nyingine. Mwaka 1892 C. G. Büttner alichapisha huko Berlin mkusanyo wa maandishi ya Waswahili yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, na barua zimo. Msomaji wa barua za pwani ataona kuwa salamu huja kwanza, tena si kwa haraka: hali ya mwandishi, hali ya nyumba, kisha ndipo “baada ya salamu” na neno lenyewe. (Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilihamia Makerere mwaka 1952, ikakaa hapo karibu miaka kumi. Ajabu ni jinsi hazina hii ilivyokuwa karibu nasi tukafundisha “Wako mtiifu”.) Zaidi ya hayo, wengi waliopelekewa barua walisomewa na mtu mwingine. Mwandishi aliye hodari alijua kwamba anaandikia masikio mawili, ya rafiki yake na ya yule msomaji, akapima maneno yasimwaibishe mmoja wala kumficha mwingine. Barua ya Stanford ni ya namna hiyo hasa, maana inamtaja mwenzi, na anayeisoma ni yule anayechagua.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita alituletea barua yake tuitazame. Ilikuwa na vyeti vitatu, ukiranja na neno “nidhamu” mara nne. Tulimwuliza: yule atakayelala kitanda cha pili anahitaji kujua nini kwako? Alikaa kimya kitambo, akaichukua, akarudi baada ya siku mbili.

Katika barua ya pili vyeti havikuwamo. Alieleza kwamba kwao Katwe amelala na dada zake watatu tangu utotoni, hajapata kulala chumba kisicho na pumzi ya mtu mwingine, na hivyo anafurahi kwamba mwenzi huyo yupo. Aliandika kuwa huamka kabla ya alfajiri, kwa sababu ndiyo saa ya kumsaidia mama yake kukaanga mandazi ya kuuza, na kwamba atajitahidi kutowasha taa. Mwisho aliuliza: wewe je, huamka saa ngapi, na ni nani utakayemkumbuka usiku wa kwanza?

Tulisahihisha tahajia ya maneno mawili, tukamrudishia.