Nani aliyekuonyesha njia? Kutoka Mkomani hadi mwambani

Leo sitaandika habari za seva wala lugha za programu. Leo nataka tuzungumze kuhusu mawe. Naam, mawe!

Mimi ni mtu wa Mkomani. Hapa kwetu mkwezi ni mtu wa minazi, na mamangu huniuliza kila mara iwapo huko niendako kuna madafu. Lakini tangu nilipokuwa chuoni nikisomea sayansi ya tarakilishi, nimeshikwa na mchezo wa kukwea miamba. Mwaka jana mimi na wenzangu wawili tulipanda treni hadi Athi River, tukaelekea kilima cha Lukenya, kaunti ya Machakos. Kitabu cha njia hatukuwa nacho. Kila kitu kilikuwa ndani ya simu: picha ya mwamba, mistari ya rangi, ugumu wa kila njia, na alama ya pa kuanzia.

Alama hiyo ilitupeleka kwenye kichaka cha miiba. Tukazunguka saa nzima, jua la utosini. Aliyetuokoa ni mzee mmoja mchunga mbuzi. "Wanangu, mwatafuta ule mwamba wenye ufa? Mmeupita." Akatangulia na fimbo yake, na baada ya dakika kumi tukafika.

Jioni niliisahihisha ile alama kwenye programu. Jina langu likatokea chini yake. La mzee halikutokea, kwa sababu hapakuwa na pa kuliandika. Jambo hilo likanikera, nikaanza kusoma historia.

Tuanzie nyumbani. Karibu na English Point, hapa upande wa bara, kuna kaburi la Rosina, mkewe mmishonari Johann Ludwig Krapf. Alifariki Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika Mombasa, akazikwa pamoja na bintiye mchanga. Krapf alibaki. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui kwa Wakamba, aliuona Mlima Kenya kwa mbali. Mwenzake, Johannes Rebmann, alikuwa ameuona Kilimanjaro Mei 1848. Wasomi wa London, akiwemo William Cooley, walikataa katakata: theluji karibu na ikweta? Haiwezekani! Lakini Wakamba walikuwa wakiuona mlima ule kila anga ilipotakata. Ati ulikuwa bado "haujagunduliwa".

Mmishonari mwingine, Jakob Erhardt, aliketi Tanga akiwauliza watu wa misafara habari za bara. Ramani aliyoitengeneza na Rebmann, iliyochapishwa mwaka 1856, ilionyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika. Kumbe yalikuwa maziwa matatu: Victoria, Tanganyika na Nyasa. Sisi watu wa programu twalijua kosa hili: rekodi tatu zimeunganishwa zikawa moja. Wasafiri walisema kweli. Aliyezikusanya habari ndiye aliyezichanganya. Hata hivyo, ramani hiyo ilichangia kuwaleta Burton na Speke mwaka 1857.

Mwaka 1899 Halford Mackinder alifika na msafara wake. Alikuwa na Waswahili 66, Wakikuyu 96 na waongozaji wawili wa Kimaasai. Tarehe 13 Septemba alifika kilele cha Batian, mita 5,199, pamoja na waongozaji wa milima kutoka Italia, César Ollier na Joseph Brocherel. Vilele vilipewa majina ya malaiboni wa Kimaasai, na César na Joseph wakapewa barafu zao. Kwenye ramani iliyomo simuni mwangu sioni jina la hata mmoja wa wale Waswahili 66, na huenda wengine walitoka mitaa hii hii yetu.

Kitabu cha njia cha ajabu kuliko vyote kilikuwa kopo la nyama. Januari 1943 mateka watatu wa Kiitaliano, Felice Benuzzi na wenzake wawili, walitoroka kambi ya Nanyuki ili tu wapande Mlima Kenya. Ramani hawakuwa nayo. Walikuwa na picha ya mlima iliyochapishwa kwenye karatasi ya kopo. Batian iliwashinda, lakini wawili kati yao wakafika Lenana, wakasimika bendera yao, kisha wote watatu wakarudi wenyewe kambini. Data kidogo, moyo mkubwa!

Baadaye vikaja vitabu hasa. Mountain Club of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1949, ilitoa mwongozo wa Mlima Kenya na Kilimanjaro. Toleo la 1981 lilihaririwa na Iain Allan. Mei 2000 Marekani iliacha kuipotosha makusudi ishara ya GPS kwa raia, na kosa la kama mita 100 likashuka sana. Mwaka 2005 ikaanza Mountain Project, ambako wakwezi wenyewe waliandika njia zao. Kisha simu janja zikavitia vyote hivyo mfukoni.

Lakini je, habari hizo ni mali ya nani? Mountain Project ilinunuliwa na kampuni ya onX mwaka 2020. Mwaka uliofuata onX ilipeleka dai la hakimiliki kwa GitHub dhidi ya OpenBeta, mradi uliotaka data ya njia iwe wazi kwa wote. Walioandika njia ni maelfu ya watu waliojitolea, na waliowaonyesha wengi wao vijia vya kufikia mwamba ni wenyeji.

Basi nimeanza kujiandikia programu ndogo ya miamba yetu, inayofanya kazi bila mtandao. Kwenye jedwali la njia nimeongeza safu moja: mwonyesha njia. Mwezi uliopita nilirudi Lukenya kumwomba yule mzee ruhusa ya kuliandika jina lake.

Alicheka. "Jina langu la nini, mwanangu? Andika lile lango lifungwe. Nyinyi mkipita mwaliacha wazi, mbuzi wangu watoka."

Sisi pia tulikuwa tumeliacha wazi. Nikaongeza safu ya pili, na lango likawa la kwanza kuandikwa humo.