Wakazi wa Dar es Salaam

Wakazi wa Dar es Salaam, jiji kubwa kuliko yote Tanzania, wamegawanywa na mpira kuliko siasa. Klabu ya Yanga (iliyoanzishwa 1935) ina makao yake Jangwani, na ya Simba (1936) ina yake Msimbazi, zote Kariakoo. Siku ya mechi ya watani hawa wa jadi, shabiki wa Yanga hathubutu kuvaa nyekundu, wala wa Simba hagusi kijani na njano. Mume na mke huweza kununiana mpaka Jumatatu. Hata hivyo, ushabiki huohuo huwaunganisha wageni na wenyeji haraka.

Chakula kipenzi cha jioni ni chipsi mayai: viazi vilivyokaangwa humwagiwa mayai kwenye kikaango, vikashikana, vikageuzwa, kisha vikaliwa kwa kachumbari na pilipili. Katika ufukwe wa Coco Beach, mihogo ya kukaanga ndiyo inayotawala.

Wasichokipenda wakazi hawa ni foleni za magari na joto la Desemba hadi Machi. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza 2016, yamepunguza adha ya foleni kwa baadhi yao, ingawa kuyapanda asubuhi kunahitaji kifua.